Mkamwana wa Mlima wa Moto

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepiga maharage tangu asubuhi. Mgongo umekufa. Kisima kinatoa tope. Ndoo za kwanza nimezimwaga kwenye migomba, ndipo yakaja maji ya kuchuja.

Furaha amelala na viatu tena. Nimeliona shuka alipokuwa analifua, limejaa vumbi upande wa miguuni. Mwanamke gani analala na viatu nyumbani kwa mumewe? Anayetaka kuondoka bila kuaga.

Deus hasemi kitu. Tangu amlete kutoka Goma, alikokuwa akienda na malori kama utingo, mwanangu ni wa kucheka tu. Mume wangu amekufa, mtoto nimebaki na mmoja, na huyo mmoja yuko mikononi mwa mtu ambaye sijui hata kwao ni nyumba ya ngapi.

Jumatano, 6 Agosti

Leo ameniuliza: "Mama, huku mulima gani inatoka moshi?"

Nimemwambia hakuna. Milima ya Ngara ni majani, mawe na mbuzi. Ameitazama mmoja mmoja kama askari anayekagua watu. Hakuniamini. Nimeona.

Jingine. Asubuhi kukiwa na ukungu bondeni hapiti huko. Anazunguka juu, njia ndefu, jembe begani. Wanawake wenzake wanashuka wakiimba, yeye yuko peke yake kule kwenye mawe. Anayeulizwa sababu si yeye. Ni mimi.

Ijumaa, 8 Agosti

Ana begi nyuma ya mlango. Halifunguliwi, halihamishwi. Walipokwenda shambani nimelifungua.

Gauni. Chumvi. Kiberiti. Nguo za Deus, shati moja na suruali. Chini kabisa, limeviringishwa kwenye kitenge, jiwe. Jeusi. Lina matundu kama mkate ulioumuka. Nimelishika, likawa jepesi kuliko jiwe lilivyopaswa kuwa.

Nimelirudisha. Nimenawa mikono kwa sabuni mara mbili.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya Misa, Adelina amenisindikiza mpaka njia panda ya Kirushya. Ni jirani yangu tangu nilipoolewa, tumezikiana wazazi. Akauliza mkamwana anaendeleaje. Nilikuwa nimeapa nisiseme. Nikamwambia kuhusu jiwe. Kidogo tu.

Adelina akasimama katikati ya njia. "Mama Deus, jiwe jepesi?"

Nikasema ndiyo. Akaniaga palepale. Nilitamani aulize zaidi.

Jumatano, 13 Agosti

Shemeji Bonifasi amekuja na fundi wa visima, Shabani, mtu wa Runazi kule Biharamulo. Mrefu, mcheshi, amenipa shikamoo yenye heshima. Wataongeza kina mpaka mvua zije tusitafute maji kwa watu. Kisima ni cha ukoo na Bonifasi ndiye mkubwa wa ukoo sasa, kwa hiyo hakuna wa kubisha.

Wameteremsha pampu ya petroli ndani, juu ya ubao, kwa sababu ikikaa nje haivuti mpaka chini. Imenguruma mchana kutwa. Furaha amekaa mbali, ameziba pua na kitenge. Kila mtu alikuwa karibu akifurahia maji yanavyotoka. Yeye alikuwa anatazama mdomo wa kisima.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nikiwa nimefunga mlango.

Kumekucha nimetoka kwenda chooni. Furaha yuko kisimani. Amemfunga tetea wangu mwekundu kamba miguuni, anamshusha taratibu, midomo inamchezacheza. Nikajibanza nyuma ya mgomba. Akasubiri. Akavuta. Kuku akatoka shingo imelegea, mabawa yananing'inia. Amekufa. Hana jeraha.

Akampeleka migombani, akamfukia. Akanawa. Akaja jikoni akawasha moto, akaniamkia kama kawaida.

Uji wake nimeumwaga.

Jumamosi hiyohiyo, mchana

Nimekwenda kwa Adelina. Nimesema yote. Nimejisikia mwepesi kutoka kule, kama mtu aliyetua mzigo. Sasa najisikia vibaya. Lakini nimeona kwa macho yangu. Sikutunga.

Jumatatu, 18 Agosti

Neno limefika gulioni kabla yangu. Muuza dagaa ameniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kuku walikuwa watatu. Mwingine anasema jiwe linatoka jasho. Mama mmoja amekumbuka kuwa ng'ombe wake alitupa mimba wiki ile Furaha alipofika.

Wamenipisha nikae kivulini. Wamenipa pole. Niandike ukweli hapa, maana hapa hakuna wa kunisoma: nilipenda kuulizwa.

Furaha alipopita, watoto waliitwa ndani.

Jumanne, 19 Agosti

Nimemwita. Deus alikuwepo. Nimemwuliza kuku wangu yuko wapi.

Hakukana. Akasema atanilipa kuku. Akaeleza kwamba kwao kuna hewa mbaya inayotoka ardhini karibu na ule mlima wa moto, wanaiita mazuku. Haina rangi wala harufu. Inakaa mashimoni na mabondeni, hasa asubuhi kabla ya upepo. Ndiyo maana hapiti kwenye ukungu. Mashine ilipozimwa Ijumaa jioni aliona nzi wameanguka kwenye mdomo wa kisima. Akataka kujua. Alimwombea kuku asife, ndiyo ile midomo niliyoiona.

Nikamwuliza jiwe. Hapo ndipo alipojua kwamba begi lake nimelifungua. Aliniangalia, kisha akaenda akalileta, akaliweka mapajani mwangu.

"Hii ndiyo nyumba yetu," akasema.

Mlima ulipasuka wakati wa chakula cha jioni. Ule uji wa moto ulishuka mpaka mtaani kwao, ukaifunika nyumba, ukapoa ukawa jiwe. Hauna haraka, anasema. Mtu anauacha nyuma kwa miguu yake mwenyewe, na mtoto mgongoni. Waliokufa kwa moto ni wachache, wengi wao waliorudi kuchukua kitu. Familia yake ilitoka nzima. Siku zilizofuata walilala nje, uwandani. Mdogo wake, Neema, akatafuta mahali penye majani laini, pa chini kidogo, akajilaza. Hakuamka. Hakuungua hata unywele.

"Ile moto unaiona, Mama, unakimbia. Mazuku haikuambii kitu. Inakaa tu fasi ya chini inakungoja."

Deus alikuwa analia. Mimi sikulia. Nilikuwa nawaza: kama ni uongo, umetungwa vizuri sana. Halafu ule mlima uko mbali, nchi nyingine. Hapa mazuku ingetoka wapi? Na kwa nini ni kisima chetu tu, na ni sasa tu, na ni yeye tu anayeiona?

Jumatano, 20 Agosti

Deus amemweleza baba yake mdogo. Bonifasi amecheka mpaka amekohoa. "Hapa si Kongo. Mwambie mkeo ale kuku kama watu wengine."

Shabani hakucheka sana. Akasema amechimba visima tangu kijana, hewa nzito anaijua, huwa anateremsha mshumaa. Ila jana alishuka bila mshumaa.

Kwa nini Furaha, mtu wa mbali, anataka kazi ya kisima chetu isimame? Bado sijapata jibu.

Alhamisi, 21 Agosti

Shabani amekufa.

Asubuhi waliwasha pampu, ikafanya kazi kidogo, ikazima. Shabani akashuka kuiwasha. Furaha alitoka jikoni mbio, mikono ina unga, akipiga kelele afungwe kamba. Shabani akampungia mkono, akasema hatakawia. Tukamsikia akikohoa. Tukasikia kitu kikianguka majini. Basi.

Bonifasi akavua koti. Hapo Furaha akamshika, akamzungushia kamba kiunoni, na Bonifasi akakubali kwa sababu hapakuwa na muda wa kubishana. Hakufika hata kwenye ubao. Kamba ikawa nzito. Deus na majirani wakamvuta, akatoka mdomo wazi, macho yamegeuka.

Deus akapitisha mguu ukingoni. Mwanangu. Alitaka kumfuata Shabani. Furaha akamrukia, akamwangusha, wakabingirika kwenye tope, akamng'ata bega na hakuachia. Anapiga kelele kwa lugha nisiyoijua. Deus anampiga ili aachie. Hakuachia. Nami nilisimama pale sijui nimwombe Mungu amsaidie nani.

Bonifasi amepelekwa hospitali mjini Ngara kwa gari la duka. Anapumua. Zimamoto wamekuja alasiri, wakamtoa Shabani. Ndugu zake wamempeleka Runazi akazikwe.

Bega la Deus lina alama za meno. Nimelipaka dawa. Nimeziangalia sana zile alama.

Ijumaa, 22 Agosti

Wamekuja. Si wachache. Wameingia uani bila hodi, wengine na fimbo. Mbele yao maneno yangu mwenyewe, yamevaa nguo nyingine. Kwamba kuku alikuwa jaribio, mtu ndiye aliyekuwa mlo. Kwamba jiwe lilikuwa likidai damu. Kwamba alimfunga Bonifasi kamba kwa sababu haikuwa zamu ya Bonifasi.

Nikasimama mlangoni. Nikasema nilikosea. Nikaeleza hewa, pampu, nzi, yote. Adelina akasema, bila ubaya, kwa kushangaa tu: "Lakini wewe ndiye uliyeona, Mama Deus."

Nikasema nitawaonyesha. Nikakamata kuku, nikamfunga mwenyewe, nikaenda kisimani wakinifuata wote. Nikamshusha. Nilisali afe. Sijawahi kusali hivyo. Nikavuta.

Akatoka anapiga mabawa na kelele. Mzima.

Zimamoto walikuwa wameitoa pampu, na upepo umepiga usiku kucha. Sasa nadhani hewa ile ilikwenda na upepo. Pale uani sikuliwaza hilo. Watu hawakucheka. Mtu akasema: "Kwa hiyo hewa haipo."

Mwenyekiti wa kitongoji alifika na mgambo. Ni mtu mwoga, lakini leo amefanya kazi yake. Akamtoa Furaha kwa mlango wa nyuma, akampandisha pikipiki na Deus nyuma yake, wakaenda polisi kwa usalama wao. Mtu alirusha jiwe kutoka uani. Lilimpata Deus sikioni.

Furaha alitoka amevaa viatu vyake. Begi lilikuwa tayari. Nilichukia lile begi siku zote hizi.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimekwenda hospitali. Bonifasi amekaa kitandani, kichwa kinamgonga, anasema vizuri. Daktari ameeleza mbele yetu: moshi wa mashine ya petroli ukifungiwa shimoni unaua, na wa aina ile hauonekani. Si uchawi. Si Kongo. Ni mashine iliyoteremshwa na Bonifasi mwenyewe, na hilo analijua. Amegeuza uso ukutani. Sijui kama alikuwa analia.

Kwa hiyo Furaha naye hakuwa sawa kabisa. Haikuwa mazuku ya mlimani. Alikuwa sawa kwa woga wake tu. Ilitosha.

Deus amepiga simu. Wako Runazi. Polisi waliwaambia waende mbali kwa muda. Furaha ndiye aliyesema twende kwa mke wa marehemu. Deus alikataa, watatuua. Furaha akasema mwenye kufiwa ana haki ya kuambiwa mumewe alikufaje. Wakaenda. Mjane, jina lake Zaituni, aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama mumewe alikohoa kwa muda mrefu. Furaha akasema hapana, kidogo. Zaituni akawapa maji, kisha chumba.

Mtu mwenye haki ya kumchukia kuliko wote ndiye aliyeuliza swali. Sisi wengine tulikuwa na majibu.

Jumapili, 31 Agosti

Katekista amesoma maelezo ya daktari kanisani. Watu wameitikia kwa vichwa, kwa adabu. Nje nikasikia: "Daktari atasema nini? Yeye si wa huku."

Nimeanza kupita nyumba kwa nyumba. Napiga hodi, nakaa, nasema: yale niliyosema niliyaelewa vibaya. Wananikaribisha. Wananipa pombe yao ya rubisi, wananipa ndizi. Wanasema ndiyo, ndiyo, tumeelewa. Nikiwa njiani kwenda nyumba ya pili nasikia kicheko cha ile ya kwanza.

Deus aliwahi kuniambia kitu alichosimuliwa na Furaha. Wakati ule moto unashuka mtaani, kuna mzee alisimama mbele ya nyumba yake na ndoo za maji, anamwaga. Maji yanageuka mvuke, moto unakuja vilevile. Wanawe wakamburuta. Wengine mtaa ule hawakumwaga kitu. Walikwenda mitaa ya mbele kuwaambia watu watoke.

Kwa hiyo kesho sitarudi kwa wale waliokwisha kusikia. Nitakwenda Murukulazo, kwa ndugu zangu, ambako neno halijafika vizuri. Huko niwahi.

Jumatano, 3 Septemba

Murukulazo. Nimewahi nyumba kadhaa. Kwa dada yangu mkubwa nimechelewa. Aliniambia habari ya mkamwana wangu kabla sijafungua mdomo, na ilikuwa na mambo ambayo mimi sikuyajua.

Nilimsimulia yote, na sehemu yangu nayo. Akamenya mihogo mpaka ikaisha. Akasema: "Basi wewe ndiye mlima."

Nilikasirika. Nimetembea njia nzima nikiwa nimekasirika. Nimefika nyumbani, bado ni kweli.

Ijumaa, 12 Septemba

Mvua ya kwanza, ndogo. Harufu ya vumbi.

Adelina hajaja tangu siku ile. Leo nimekwenda mimi. Nimemkuta anapanga kuni. Amenijibu salamu bila kusimama. Nikauliza nimekosa nini. Akaweka kuni mbili zaidi. Mwishowe akasema watu wanajiuliza kwa nini nimegeuka. Mtu aliyeona kwa macho yake hageuki hivihivi. Labda nilipewa kitu. Labda nilikunywa uji wake.

Uji niliumwaga, Adelina, wewe unajua, nilikuambia.

"Uliniambia," akasema. Akaendelea kupanga kuni.

Juzi nilipeleka rubisi kwenye jumuiya. Mtungi umerudi umejaa. Nilidhani hawana kiu.

Jumanne, 16 Septemba

Nalala vibaya. Kila anayepita njiani akipunguza mwendo nadhani ananitazama. Pengine hanitazami. Mtoto wa jirani amekataa ndizi yangu, pengine ameshiba. Nachunguza kila uso. Nimekuwa hodari wa kazi hii, nilifanya mazoezi kwa mtu mwingine.

Bonifasi amekuja jioni. Kisima anataka kukifukia. Nimemwambia asikifukie, akijengee ukingo na kibao cha onyo. Amekubali. Amekonda. Amesema jambo moja wakati anaondoka: kwamba alipofungwa ile kamba, mikono ya Furaha ilikuwa inatetemeka sana, lakini fundo lilikuwa zuri.

Jumamosi, 11 Oktoba

Niko Runazi.

Nimetoka nyumbani na mkungu wa ndizi na maharage. Deus amenipokea barabarani. Amepata kazi ya kupakia mahindi, na Zaituni amewapa kipande cha kulima. Sikio limepona.

Zaituni ni mdogo kuliko nilivyodhani. Amevaa nguo za eda. Ameniamkia shikamoo na mimi nikaitikia marahaba nikiwa nimeinamisha kichwa. Nilimwambia pole. Nilimwambia pia kwamba wakati watu wote walipaswa kuitazama ile mashine, mimi niliwafanya wamtazame msichana. Akasema Mungu ndiye mpangaji. Kisha akasema, polepole, kwamba Deus alishamweleza. Amelijua hilo siku zote, na bado alikubali nije.

Furaha alikuwa uani anapukuchua mahindi. Aliinuka, akaniamkia, akaniletea kigoda na maji. Kigoda alikiweka nje, chini ya ukingo wa paa. Nikakaa hapohapo nilipowekwa. Nikavuta mahindi nikaanza kupukuchua nami.

Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi. Yalitoka mawili: nimekukosea. Aliendelea na kazi. Punje zinadondoka kwenye ungo.

Baadaye akazungumza bila kunitazama. Kwamba moto wa kwao ulipopoa ukawa mweusi, watu walifurahi, wakaenda kutafuta nyumba zao. Soli za viatu zikayeyuka. Juu ulikuwa umepoa, ndani bado.

"Sasa mlijuaje ni lini mnaweza kukanyaga?" nikauliza.

"Mvua, Mama. Mvua ikinyesha na haitoe moshi, unapita. Ikitoa moshi, unangoja." Akachukua hindi jingine. "Kwa wengine ilikuwa miezi. Leo watu wamejenga pale juu."

"Nitangoja," nikasema.

Akatikisa ungo, punje zikasogea katikati. Hakukataa.

Tumekula ugali wa muhogo na kisamvu, sote sinia moja, Zaituni akinisogezea upande wenye mboga. Nimetandikiwa kitanda sebuleni. Wote wamekwishaingia kulala. Nimemsikia Furaha akifunga mlango wa chumba chao, kisha nikasikia komeo linasukumwa kwa ndani, polepole, ili nisisikie.

Sikukasirika. Nimepunguza utambi wa taa. Kesho kuna mahindi ya kumalizia.